Ovaroli za Fundi

Asubuhi ya siku ya kutundika kazi, binti alitoka uani na mswaki mdomoni akakuta shahada yake imeanikwa kwenye kamba.

Zilikuwa ovaroli zote za baba yake. Za bluu, za kijivu, na ile kuukuu ambayo binti hakuwahi kujua kuwa ni ya kaki, maana tangu apate akili aliiona nyeusi. Zilikuwa zinapepea, mabega yamebanwa na vibanio, miguu inadondosha maji kwenye saruji. Chini yake mama yake alikuwa amechuchumaa anakamua ya mwisho, anaimba puani kama mtu aliyemaliza kazi ya kujivunia.

"Mama."

"Umeamka, Msomi? Hebu shika huku tukamue, hii inanishinda."

"Mama, umefanya nini?"

"Kwani huoni? Nimefua." Mama alijifuta paji la uso kwa kiwiko. "Si ulisema nguo za baba yako zinakwenda kusimama mbele ya wakubwa wa chuo? Jana ulipokuwa kule unapaka rangi ukuta wako, nikasema ngoja nilifungue hilo gunia ulilorudi nalo kutoka chuoni. Nilichoka mwenyewe! Ningekuacha uende nazo vile? Watu waseme huyu dobi anafulia mji mzima na mumewe ananuka girisi?"

Binti alitema povu, akakaa chini palepale, kwenye saruji iliyolowa.

Isemwe wazi kosa lilikuwa la nani, kwa sababu katika nyumba za namna hii lawama hupakuliwa kabla ya chakula. Mama alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, mashati ya makarani, na magauni ya harusi ambazo yeye mwenyewe hakualikwa. Nyumba ile ilisimama juu ya sabuni yake, karo ya binti ilitoka kwenye beseni lake, na mtaa mzima ulijua kwamba doa likimshinda yeye basi ile nguo ikatwe iwe dekio. Binti naye alikuwa ameieleza kazi yake ya mwisho wa masomo kwa kila mtu. Aliieleza kwa mhadhiri wake. Aliieleza mbele ya jopo siku ya kupitisha mapendekezo, kwa picha kubwa ukutani na maneno yenye mikia. Nyumbani alisema tu, "Ni kazi ya nguo, mama, utaiona." Aliona hawataelewa. Anayewaficha jambo wenye nyumba asishangae wenye nyumba wakilifagia.

"Ule uchafu ndio ulikuwa kazi yenyewe," binti alisema.

"Uchafu ndio nini?"

"Ndio kazi! Ndio niliokuwa nautundika. Ile girisi, yale mafuta, lile jasho la baba, miaka yote ile. Mhadhiri alikuwa analeta wageni waje wazione. Wanasogea mpaka wananusa. Sasa kesho watahini wanakuja, nitawaonyesha nini? Mitumba?"

Mama aliacha kukamua. Kwanza uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja chombo cha jirani. Kisha maana ikaanza kumfikia, kidogo kidogo, na uso ukageuka.

"Ngoja kwanza. Nieleweshe taratibu, mimi sikusoma. Ulikuwa unakwenda kuwatundikia watu uchafu wa baba yako?"

"Siyo hivyo, mama."

"Waje wamependeza, wameshika glasi za juisi, waunuse?"

"Ni sanaa, inaonyesha kwamba..."

"Inaonyesha kwamba mkewe hafui!"

Vitabu alivyoazima maktaba vilikuwa na sura nzima juu ya mwili wa mfanyakazi, lakini hapakuwa na hata mstari mmoja juu ya mke wake.

Fundi, baba mwenyewe, alitoka ndani na kikombe cha chai, anauburuta mguu wa kulia kama kawaida yake. Kelele hazikumshtua, mtu aliyefanya kazi gereji miaka yote hiyo huzisikia kelele kama wengine wanavyousikia upepo. Alitazama kamba. Akapita ya kwanza, ya pili, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile ya kaki.

"Hii umeifua na maji gani?" aliuliza.

"Ya moto. Kwanza mafuta ya taa, halafu magadi, halafu maji ya kuchemka. Ulitaka yale magirisi yatoke kwa dua?" Mama alisogea, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akasema kwa aibu. "Zote zimetakata. Ila hiyo ina doa limenishinda. Pale pajani. Nimelisugua mpaka brashi imekwisha meno. Ni nini lile, kutu?"

Fundi alikinyanyua kitambaa. Doa lilianza juu ya paja la kulia, pana, rangi ya chai iliyokaa, likashuka na kuchirizika mpaka chini ya goti.

"Ni mimi," alisema.

Mama alilitazama doa, akautazama mguu.

"Uliniambia hospitali waliichoma ile nguo."

"Niliificha chini ya meza ya gereji. Vijana wakawa wanafutia oili bila kujua. Nikaona ndio vizuri, itafunikwa. Siku moja nikaileta nyumbani na zile nyingine."

"Sasa uliiweka ya nini?"

Fundi alikunywa chai. "Tajiri wa gereji alisema mbele ya watu kwamba nilianguka mwenyewe, kwamba nilichubuka tu. Mimi nikaiweka. Sikujua ya nini. Niliiweka."

Mama alikaa kwenye ukingo wa beseni. Hata mtoto wa dobi anajua: damu hufuliwa kwa maji baridi. Maji ya moto huipika ndani ya uzi, na ikishapikwa haitoki tena, mpaka nguo iishe. Angejua iko chini ya ile girisi, angelijaza beseni maji ya baridi na angeitoa yote.

"Nimeipika," alisema. "Damu ya mume wangu. Nimeipika kwa mikono yangu."

"Basi sasa haitoki," alisema Fundi, na katika sauti yake hamkuwa na masikitiko hata kidogo.

*

Ukumbi wa chuo ulikuwa na harufu ya rangi mbichi na hofu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwa na kipande chake cha ukuta, na kando ya kila kazi kadi nyeupe yenye kichwa kimoja: Chimbuko. Kijana mmoja alikuwa amejenga kiti kwa nyaya za chaja zilizokufa, na chimbuko lake lilikuwa upweke wa enzi mpya. Mwingine alimchora bibi yake mara nyingi mfululizo, kila picha na sura pungufu, mpaka ya mwisho ikawa karatasi tupu. Huyo hakuandika kitu kwenye kadi ila "Bibi anasahau." Kulikuwa na wenye kazi nzuri na kulikuwa na wenye baba wenye vyeo, na ukumbi haukuwa na njia ya kuwatenganisha.

Mhadhiri alikuja akiwa amevaa shati la kitani lililokunjamana kwa makusudi. Mama angeliona shati lile lingemuuma moyo. Alisimama mbele ya ovaroli, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nini hiki?"

"Zimefuliwa."

"Naona zimefuliwa. Nani kazifua?"

"Mama."

"Mungu wangu." Alizunguka mara moja, akajipiga paja. "Nilikwambia tangu mwanzo kazi hii itakupa daraja la kwanza. Nilikwambia au sikukwambia? Ule uchafu ulikuwa halisi! Ulikuwa unaongea! Hizi zinasema nini sasa? Zinasema duka la sare za shule."

"Kuna hii ya kaki, mwalimu, ina..."

"Sikiliza." Alishusha sauti, akawa mwema, na wema wake ndio uliokuwa mbaya. "Oili chafu haina shida, imejaa kila gereji. Chukua dumu moja, zirudishie. Mkaa kidogo, udongo kidogo, kesho asubuhi zitakuwa zimekauka. Mtahini wa nje hatanusa tarehe."

"Lakini itakuwa ni uongo."

"Itakuwa ni kazi iliyoidhinishwa. Pendekezo lako linasema ovaroli zenye uchafu wa kazi, jopo limeweka sahihi. Ukileta kitu kingine umeleta kazi nyingine, na kazi isiyo na idhini siipitishi mbele ya mtahini. Nitampitisha kwa wenzako, wewe nitakuruka. Sikuonei. Kanuni ndiyo hiyo."

Miezi yote ile alikuwa amewaleta watu wazinuse zile nguo. Hakuwahi kuuliza mwenye nguo anatembeaje.

*

Jioni binti alikuwa uani na dumu la oili chafu na brashi ya rangi. Mama alimwona, akaingia ndani, akafunga mlango, hakutaka kuona. Binti alitandika ovaroli ya kijivu kwenye gazeti, akachovya, akaanza kwenye kifua. Mkono wake ulikuwa hodari. Chuo kilimfundisha kuigiza kutu, kuigiza marumaru, kuigiza ngozi ya mzee. Baada ya muda mfupi kifua kile kilikuwa kinafanana kabisa na kilivyokuwa juzi.

Fundi alirudi kutoka kazini, akapita ndani kwa mkewe, kisha akatoka akaegemea ukuta kuupumzisha mguu.

"Umepatia," alisema.

"Asante, baba."

"Mfukoni huwa panachafuka zaidi, mtu anaweka spana zikiwa na mafuta." Alilitazama dumu. "Mimi nilichafuka kwa kazi. Wewe unanichafua kwa maksi."

Brashi ilisimama.

"Baba, nisipofanya hivi hawanipitishi."

"Nimesikia. Mama yako kaniambia."

"Narudia mwaka. Karo nyingine hiyo, na mama mikono yake..."

"Nimesikia, mwanangu. Sikukatazi. Mtu mzima humkatazi, unamwambia unachokiona." Alianza kuondoka, akageuka. "Kule kazini Tajiri akileta wageni, huwa ananiambia nikae nyuma ya matairi. Anasema wateja hawapendi kuona kilema gerejini, wanapata mashaka. Sasa na chuo nacho kinasema nionekane, lakini mpaka nipakwe kwanza. Kila mtu ana namna anayonitaka. Nashangaa tu."

Alipoingia ndani, binti aliendelea kukaa na brashi mkononi mpaka oili ikadondokea kwenye kandambili yake. Kisha akaichukua ile ovaroli ya kijivu, akausukuma mlango.

"Mama."

Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono imeviringwa kwenye kanga. Aliitazama nguo, akamtazama mtoto.

"Usije kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sema unachotaka."

"Nataka itakate."

Mama alinyoosha mkono. "Lete. Na uchemshe maji."

Walifua pamoja, na binti akagundua kwamba hajui kufua. Mama alimwondolea brashi mara mbili. Alipokuwa anasuuza, mama aliuliza ile kadi imeandikwaje. Binti akaisoma kwa kichwa: "Kazi hii inauhoji mwili wa mfanyakazi kama uwanja wa mapambano ya kitabaka."

"Huyo mwili wa mfanyakazi ndiye nani?"

"Ni baba."

"Basi si uandike baba? Wino unauzwa?"

*

Siku ya watahini mama alivaa gauni lake la kutokea, na Fundi shati jeupe ambalo pasi yake ingeweza kumkata mtu. Mlinzi wa geti aliwatazama viatu kwanza.

"Wa kuleta mizigo mlango wa nyuma."

"Mzigo uko wapi?" mama aliuliza, akageuka kushoto na kulia. "Mume wangu, umebeba mzigo? Mimi naona huyu ndugu katuona na mzigo."

"Mama, nafanya kazi tu."

"Na mimi nimekuja kuangalia kazi. Mwanangu anahitimu. Fungua."

Alifungua. Ndani, wazazi wengine walikuwa wanapiga picha na watoto wao. Mama alisimama mbele ya ukuta wa binti yake, akainyoosha kola moja, akarudi nyuma, akaridhika. Ovaroli zilining'inia safi, zimepigwa pasi, na kwenye kadi palikuwa na maneno mawili: Baba yangu. Ya mwisho kabisa kwenye mstari ilikuwa ya bluu, mpya kuliko zote. Ya kaki ilikuwa katikati, na doa lake lilionekana tangu mlangoni.

Jopo liliingia. Mbele Mhadhiri, nyuma yake wawili wa chuo, na mtahini wa nje, mwanamke wa makamo aliyebeba miwani yake kwenye mnyororo shingoni. Wakasimama kwenye kiti cha chaja. Wakasimama kwa bibi anayesahau; hapo mtahini alikaa sana. Walipokaribia ovaroli, Mhadhiri alinyoosha mkono kuelekea upande wa pili wa ukumbi.

"Huyu kazi yake ina matatizo ya idhini, tutamwona baadaye. Tupite huku, tafadhali."

Nao wakapita. Binti alisimama wima kando ya ukuta wake huku migongo ya suti inampita, na wenzake wakaangalia sakafu, kama watu wanavyofanya mwenzao anapodhalilishwa na wao wamenusurika.

"Samahani!" Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyezoea kuita wateja walio ng'ambo ya barabara. Ukumbi mzima uligeuka. "Samahanini, wakubwa. Mmeruka moja."

"Mama, kuna utaratibu," alisema Mhadhiri.

"Hata mimi nina utaratibu. Mtu akileta nguo nafua zote, siruki ile nisiyoipenda. Mtahini, mama yangu, macho ni yako. Ukitaka kuyafumba yafumbe, lakini upitishwe hapa kwanza."

Mtahini wa nje alivaa miwani. Hakumtazama Mhadhiri. Alikuja, akasoma kadi, akatembea polepole kutoka ovaroli hadi ovaroli, akasimama kwenye ya kaki.

"Hili ni nini?"

Binti alifungua mdomo, lakini baba yake alikuwa ameshasogea. Alitungua nguo kutoka kwenye msumari.

"Mzee, mzee!" Mhadhiri alikuja mbio. "Kazi haziguswi!"

"Ni nguo yangu," alisema Fundi.

Akaivaa. Alianza na mguu mzima, kisha akaegemea ukuta auingize mbovu, na hakuna aliyethubutu kumshika. Aliingiza mikono, akafunga vifungo mpaka shingoni juu ya shati lake jeupe. Alipojinyoosha, doa lilikaa juu ya mguu ule kama kivuli kinavyokaa juu ya mwenyewe.

"Nilikuwa chini ya gari," alisema. "Jeki ilikuwa mbovu, tulisema mbovu, tukaambiwa itatengenezwa. Ikateleza, gari likanikalia hapa. Vijana walilinyanyua kwa mikono."

"Mwajiri wako alikulipa fidia?" mtahini aliuliza.

"Alinipa ovaroli mpya. Na soda."

Mtu mmoja alicheka, akifikiri ni utani, kisha akakosa pa kuutia uso wake.

"Ovaroli mpya ndiyo ipi?"

"Ile ya bluu. Mwisho kule."

Mtahini alienda mpaka kwenye ile ya bluu, akaiangalia kwa muda mrefu. Aliporudi alimuuliza binti swali moja tu: kwa nini pendekezo linasema uchafu, na ukutani kuna usafi?

"Kwa sababu niliandika pendekezo kabla ya kuwauliza baba na mama," alisema binti.

*

Alipita. Daraja la mwisho, lakini alipita. Mtahini aliposimama imara, chuo kikakubali kwa kuuma meno. Mhadhiri hakushindwa bila kuweka mwiba. Kanuni inataka kazi yote ikae ukutani mpaka onyesho lifungwe. Na kesho yake asubuhi msumari wa katikati ulikuwa mtupu, kwa maana Fundi alikwenda nyumbani amevaa nguo yake, na hakuivua ila wakati wa kulala.

"Kabla geti halijafungwa leo iwe hapa," alisema Mhadhiri, akigonga msumari kwa kucha. "Isipokuwepo, naandika kazi haikukamilika. Mtahini ameshaondoka, hatakusaidia. Utarudia mwaka, na sitakuwa na la kukufanyia."

Binti alikimbia nyumbani. Mama alikuwa anaanika mashuka.

"Baba yuko wapi? Ile nguo iko wapi?"

"Vyote viko sehemu moja. Kaenda nayo kazini." Mama alibana kibanio. "Aliniomba niipige pasi. Nikaipiga."

"Mama, naitaka ile nguo. Nitafelishwa."

Mama alibana shuka zima kwanza. Mikono yake ilikuwa imechanika kwenye vifundo kwa magadi, kama siku zote. "Nenda kamwambie," alisema. "Wewe ukimwambia atakupa. Hajawahi kukunyima kitu yule. Ndiyo maana nakuomba ufikiri njiani."

*

Gereji ilikuwa kimya, na gereji haiwi kimya saa za kazi. Gari lilikuwa limeinuliwa nusu, na mafundi vijana wamesimama kando yake wakipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. Fundi hakuwa nyuma ya matairi. Alikuwa mbele, mlangoni, penye jua, amevaa kaki iliyopigwa pasi, na kila mteja aliyeingiza gari alilazimika kumpita.

"Ingia chini, nimesema!" Tajiri alikuwa anamfokea kijana mmoja. "Mteja anasubiri!"

"Bosi, mimi nimeuliza tu. Hii jeki ndiyo ileile?"

"Imetengenezwa."

"Mzee anasema ndiyo ileile. Na kumbe damu ilikuwa vile. Sisi uliotuajiri baadaye ulituambia alichubuka."

"Aliyekwambia uje kazini kuangalia suruali za watu ni nani?" Tajiri aligeuka, akamwona binti, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyekwama njiani akaletewa gari la kukodi. "Ah! Afadhali umekuja, binti. Mchukue mzee wako, leo hayuko sawa. Watu wanaingia wanamwona vile wanageuza."

"Nimeifuata hiyo ovaroli," binti alisema, anahema. "Baba, chuo kinaitaka. Isiporudi ukutani leo wananirudisha mwaka."

"Umesikia?" Tajiri alipiga makofi. "Mpe mtoto nguo yake apate cheti! Mzee mzima unataka kumharibia mtoto maisha kwa ajili ya doa? Vua, nitakupa nyingine mpya, leo hii, na yeye nitampeleka mpaka chuoni kwa gari langu. Tuyamalize kiungwana."

Fundi alimtazama binti yake. Aliyetaka kumsoma uso asingepata kitu pale. Uso ule ulizoea kutosomwa. Lakini mkono ulipanda shingoni, taratibu, ukafungua kifungo cha kwanza. Kisha cha pili. Vijana walitazama pembeni. Yule aliyekuwa anafokewa akainama, akaanza kuvuta ubao wa kulalia chini ya gari.

Mama alikuwa sahihi. Angempa.

Binti alisogea mpaka alipokuwa karibu kabisa na kifua cha baba yake, kikinukia sabuni na jua. Mikono yake ilikuwa hodari. Alikifunga kifungo cha pili. Akakifunga cha kwanza.

"Sasa ndiyo nini?" alisema Tajiri. "Si umeifuata?"

"Nilikuwa nimeifuata."

"Basi ichukue, geti la chuo litafungwa!"

"Lifungwe." Aliinyoosha kola ya baba yake kwa vidole viwili, kama mama anavyofanya, akarudi nyuma hatua kidogo, akasimama kando yake mlangoni, penye jua. Nyuma yao ubao wa kulalia uligonga sakafu. Yule kijana alikuwa ameuachia. "Hapa onyesho ndiyo kwanza linaanza."